Kahawa ya kihamba chetu inatoka chachu kwenye espreso: lazima nichanganye na robusta?

SWALI

Shikamoo mtaalamu. Wazazi wangu wana kihamba, yaani shamba letu la nyumbani, Kibosho mlimani Kilimanjaro, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari kwa kipimo cha simu ya kaka yangu. Miaka yote kahawa yetu imekwenda chama cha msingi cha ushirika. Msimu huu baba alikubali tubakize kilo 60 za pachimenti (kahawa kavu ikiwa bado na ganda lake) kwa ajili ya mgahawa mdogo niliofungua Tabata. Kaka alikoboa kilo chache kwa kinu, akazipeleka kwa mtu wa Moshi mwenye mashine ya kukaangia. Zilikaangwa Jumamosi, zikapanda basi, na Jumatatu nikaanza kuzitumia. Mashine yangu ya espreso ni ya mtumba lakini nzima. Kusaga, nasaga kwa blenda, kile kikombe chake kidogo cha viungo. Kahawa inatoka haraka, nyepesi, chachu kama ndimu, na povu lake halikai. Wateja wanaweka sukari vijiko vitatu. Barista mmoja wa hotelini ameniambia arabika, aina ya kahawa tunayolima sisi, ikiwa ya shamba moja haiwezi kuwa espreso, eti ni lazima nichanganye na robusta, ile aina nyingine ya kahawa inayolimwa Bukoba, asilimia 30. Mimi nilitaka kuandika jina la kihamba chetu kwenye pakiti. Nifanyeje?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Usichanganye bado. Umeniandikia sababu mwenyewe, tena umezipitia kama mtu anayesimulia hali ya hewa: blenda, Jumamosi mpaka Jumatatu, na kinu. Kihamba cha wazazi wako hakijashtakiwa kwa haki.

Kwanza nimtendee haki barista, maana hakusema uongo mtupu. Kanuni aliyokupa imetoka Italia. Mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milano aliandikisha hataza ya mashine iliyosukuma maji kwenye kahawa kwa nguvu ya mvuke, kikombe kimoja kimoja. Shinikizo la mvuke lilikuwa dogo, na kahawa ilitoka nyeusi bila povu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Achille Gaggia, naye wa Milano, akaleta mashine ya mpini na pistoni iliyosukuma maji kwa nguvu kubwa zaidi. Hapo ndipo lilipotokea lile povu la rangi ya dhahabu tunaloliita krema. Wakaangaji wa Italia walikuwa wakinunua kahawa kutoka nchi nyingi, na walitaka ladha ya Januari ifanane na ya Desemba, kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida angeimudu akiwa amesimama kaunta. Basi wakachanganya. Robusta ilikuwa rahisi kwa bei, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, na mafuta yake ni machache, kwa hiyo povu lake huwa nene na hukaa. Huo ni ufundi wa kuheshimiwa, ila ulizaliwa na biashara yao. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mashine ya espreso inakataa kahawa ya shamba moja.

Na robusta ya Bukoba usiidharau. Wahaya walikuwa wakitafuna kahawa yao na kumkaribisha nayo mgeni kabla mmisionari yeyote hajapanda mbuni Kilimanjaro. Nitairudia mbele, kwa sababu ina kazi yake mgahawani kwako. Kazi hiyo si kuficha kosa la blenda.

Sasa tushughulike na uchachu. Katika kahawa kuna chachu za aina tatu, na watu wengi wanaziita kwa jina moja. Ya kwanza ni ya tunda: ile ya chungwa, ya pasheni, inayokuja pamoja na utamu na kukuachia mate mdomoni. Hiyo ndiyo fahari ya arabika ya mlimani iliyooshwa vizuri, na mnunuzi anailipia. Ya pili ni ya siki, au ya uji uliolala. Hiyo imetoka shambani, kwenye ndoo ya kuvundikia, ambamo kahawa iliyomenywa huchachuka mpaka ute wake utoke, au kwenye kichanja cha kuanikia. Ya tatu ni ya kahawa ambayo haikukamuliwa ikaisha: kali, nyembamba, haina utamu nyuma yake, ukimeza inakata ghafla kama ndimu isiyo na chumvi. Maelezo yako yananielekeza kwa hii ya tatu. Lakini tusikisie, tupime, na kipimo chenyewe hakihitaji mashine.

Chukua gramu 12 za kahawa hiyo hiyo, isage chengachenga kama sukari ya dukani, utie kwenye bilauri. Mimina mililita 200 za maji yaliyotoka kuchemka. Usikoroge. Subiri dakika nne. Juu patakuwa na tabaka la unga unaoelea. Lisukume kwa kijiko mara tatu huku pua ikiwa karibu, halafu utoe mabaki ya juu. Ikipoa kiasi cha kuonjeka, chota kwa kijiko na uvute kwa sauti, ule mvuto ambao mama yako angekukaripia ukiufanya mezani. Hivi ndivyo waonjaji wa kahawa wanavyofanya kila siku. Ionje ikiwa moto, ionje ikiwa vuguvugu, ionje ikiwa baridi. Ikiwa kwenye bilauri ni tamu, ina chungwa au zabibu, na inazidi kupendeza inavyopoa, shamba halina kosa. Kosa liko Tabata. Ikiwa inanuka siki au kitunguu kilichooza, na inazidi kuchukiza inavyopoa, basi tutapanda mlima kuongea na kaka.

Nakusihi upime kabla ya kulaumu, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kumrudishia mzee mmoja wa Uru gunia zima, nikidai amevundika kupita kiasi. Siku tatu baadaye nikagundua mashine yangu ya kusagia ilikuwa imelegea skrubu moja na meno yake yamekaa upande. Ilibidi nipande kwenda kuomba radhi, na sikuruhusiwa kushuka mpaka mbege, pombe yetu ya ndizi, iishe.

Tuje kwenye blenda. Kisu cha blenda hakisagi, kinakatakata. Ukiangalia unga wake kwa makini utaona vumbi laini kama sembe, na ndani yake chenga kubwa kama za mchele uliovunjika. Mashine ya espreso inasukuma maji kwa shinikizo la baa 9 hivi, yaani mara tisa ya shinikizo la hewa tunayoivuta hapa pwani. Maji yenye nguvu hiyo hayana subira, yanatafuta upenyo. Yakikuta chenga yanapita katikati yake mbio, nayo chenga inatoa kile tu kinachoyeyuka haraka. Katika kahawa asidi ndizo hutangulia kuyeyuka, utamu hufuata, na uchungu huja mwisho. Chenga zako zinaishia hatua ya kwanza. Vumbi nalo, kwa sababu ni laini mno, linafika hatua ya mwisho papo hapo. Ndiyo maana nina hakika kikombe chako hakiwi chachu tu. Ukikitafuta vizuri utakuta na uchungu wa jivu mwishoni. Sivyo?

Jambo la pili linalofanya blenda ishindwe zaidi kwako ni huo urefu wa mita 1,400. Kule juu kuna baridi, tunda linaiva polepole, na punje inakuwa ngumu na nzito kuliko ya bondeni. Ugumu huo ndio uliobeba utamu. Lakini punje ngumu haikubali maji kirahisi. Inataka kusagwa laini na kwa usawa kuliko kahawa laini ya bei nafuu. Kwa hiyo kahawa yenu nzuri inaonekana mbaya kwenye vifaa dhaifu, wakati kahawa ya kawaida ingevumilia.

Nunua mashine ya kusagia yenye meno, siyo kisu. Kama fedha imebana, anza na ya kuzungusha kwa mkono iliyotengenezwa kwa ajili ya espreso. Itakuchosha bega ukiwa na wateja kumi, lakini kikombe kitakuwa sahihi. Ningekuwa na fedha ya kitu kimoja tu kati ya mashine mpya ya espreso na mashine nzuri ya kusagia, ningechukua ya kusagia na kubaki na huo mtumba wako. Na pamoja nayo, mizani ndogo ya gramu. Bila mizani unapika kwa kubahatisha.

Ukishavipata, anza hivi. Pima gramu 18 za kahawa kwenye kichujio cha vikombe viwili. Sawazisha kwa kidole, shindilia wima, isiegemee upande. Weka kikombe juu ya mizani, fungua maji, anza kuhesabu. Unatafuta gramu 36 hadi 40 za kinywaji ndani ya sekunde 25 mpaka 32. Zikitoka gramu hizo kwa sekunde 14, saga laini zaidi. Ikidondoka kama bomba bovu mpaka sekunde 50, saga kubwa kidogo. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Ukibadili kusaga, kiasi na kushindilia kwa pamoja hutajua kipi kimekusaidia. Ikifika kwenye muda mzuri na bado ina ukali wa ndimu, usikimbilie robusta. Acha maji yaendelee mpaka gramu 45. Kahawa za mlimani mara nyingi hufunguka hapo, zinapoteza uzito kidogo mdomoni na kupata utamu. Kama mashine yako ina kidhibiti joto, weka nyuzi 93 au 94.

Angalia pia kichujio chenyewe. Mashine nyingi ndogo za nyumbani huja na kichujio chenye sakafu mbili, ya chini ikiwa na tundu moja dogo kama la sindano. Kimewekwa kwa ajili ya watu wasio na mashine ya kusagia: kinatengeneza povu kwa kubana tundu, hata ukiweka kahawa ya mwezi uliopita. Ukiwa nacho utapata povu, ila hutajifunza chochote. Tafuta cha sakafu moja.

Kuhusu povu, tulia. Arabika haitakupa blanketi nene la robusta, na wala si aibu. Povu ni hewa ya ukaa iliyobaki ndani ya punje baada ya kukaangwa, inayochanganyika na mafuta maji yanapopita kwa nguvu. Hapa ndipo Jumamosi na Jumatatu zako zinapoingia. Kahawa iliyotoka kukaangwa imejaa hewa hiyo. Maji yakiingia, hewa inayasukuma nje, kahawa inavimba na kupasuka, na unapata mapovu makubwa yanayopotea kabla mteja hajashika kikombe. Mimi kwa espreso siigusi kabla ya siku ya saba, na kwa kahawa ngumu kama yenu nangoja hata siku kumi. Ikae kwenye mfuko wenye kitundu cha kutolea hewa, mbali na jua, na usiiweke friji pamoja na samaki. Andika tarehe ya kukaangwa juu ya kila mfuko kwa kalamu nene.

Muulize pia yule mkaangaji alidhani kahawa ni ya nini. Wengi wa vijana wetu wazuri wanakaanga kwa ajili ya kahawa ya kuchuja: wanaishusha mara tu baada ya kusikia mipasuko ya kwanza, ile sauti kama ya bisi inayokuja joto likikaribia nyuzi 200. Kwa kuchuja inapendeza. Kwa espreso inabaki ngumu na kali. Mwombe aipe nafasi zaidi baada ya mpasuko wa kwanza, lakini aishushe kabla ya mpasuko wa pili. Rangi iwe ya kahawia ya mbao ya mninga, bila mafuta juu ya punje. Ikianza kung'aa kwa mafuta mmeshapoteza jina la kihamba, kwa sababu kahawa iliyoungua ya Kibosho, ya Mbinga na ya Brazili ladha yake ni moja: moshi.

Na kinu? Kwa kahawa ya nyumbani, kinu hakina neno. Kwa mashine, kinu kinavunja punje. Vipande vinaungua wakati punje nzima bado zinaiva, na mkaangaji hana la kufanya. Moshi kuna mashine ndogo za kukobolea; tafuteni moja. Kisha kaeni mezani mchague kwa mkono: ondoa vipande, punje nyeusi, zenye matundu ya wadudu, na zile zenye rangi ya maziwa yaliyochacha. Kazi hiyo inachosha macho, lakini nimeona punje moja tu iliyooza ikiharibu kikombe kizima, na mteja hawezi kujua kuwa kikombe kinachofuata kingekuwa kizuri.

Maji ya Dar nayo yana mambo yake. Ukitumia kisima chenye chumvi, hakuna kahawa duniani itakayokuwa nzuri. Tumia maji ya chupa au ya kuchujwa yasiyo na ladha, na uyaonje kwanza yenyewe, bila kitu.

Sasa tuchukulie umeonja kwenye bilauri, na ikawa siki. Hapo nenda Kibosho wikendi moja wakati wa mavuno, usiende na hotuba, nenda ukaangalie. Nitakwambia ninachotegemea ukikute, kwa sababu nimekikuta kwenye vihamba vingi. Kihamba ni kidogo; mibuni iko chini ya migomba na miringaringa, na matunda hayaivi siku moja. Jumatatu wanachuma debe moja na nusu, wanamenya jioni, wanatia kwenye ndoo. Jumatano wanachuma debe jingine, wanamenya, na kwa sababu ndoo ina nafasi, wanamimina humo humo. Ijumaa wanaosha zote. Ya Jumatatu imevundikwa siku nne, ya Jumatano siku mbili. Ya kwanza imeshakuwa siki, na imeiambukiza ya pili.

Dawa yake haina gharama: ndoo tofauti kwa kila siku ya kuchuma, yenye alama. Kuvundika hakuna saa moja ya nchi nzima. Kwenye baridi ya Julai huko juu inaweza kuchukua saa 36 hadi 48. Siku za joto, saa 24 zinatosha au hata pungufu. Usitumie saa, tumia mkono. Chukua konzi, ioshe, isugue: ikiteleza bado, ikikwaruza kama kokoto tayari. Au choma kijiti katikati ya ndoo ukichomoe. Shimo likibaki wazi bila kujifumba, ute umekwisha. Osha saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na kuna baridi.

Kabla ya hapo, matunda yaliyochumwa yamenywe siku ile ile. Yatie kwanza kwenye maji, yanayoelea yaondoeni, ni mepesi kwa sababu ndani yameharibika au ni matupu. Wekundu nao ni muhimu kuliko watu wanavyokubali. Tunda la kijani lililochanganyika linaleta ukakasi ambao hakuna mashine ya kuuondoa, na kwenye espreso kila kasoro inakuzwa, kwa sababu kinywaji chenyewe ni kizito mara kadhaa kuliko kahawa ya kuchuja.

Kwenye kichanja, tandaza nyembamba, isizidi unene wa vidole viwili. Igeuzwe mara nyingi siku za kwanza, ifunikwe jua likiwa kali la mchana ili ngozi isipasuke, ifunikwe usiku na mvua ikinusa. Siku kumi hadi kumi na nne ni kawaida, na mvua za vuli zikiwahi zinaongezeka. Lengo ni unyevu wa asilimia 11 hivi. Ikikauka isikae kwenye gunia la mbolea, wala chumba kimoja na mafuta ya taa. Kahawa inavuta harufu kama chumvi inavyovuta maji. Na nyinyi wa Dar kuna kosa jingine mnalipenda: kuleta gunia zima lililokobolewa likae kwenye joto na unyevunyevu wa pwani miezi sita. Acheni kahawa ndani ya pachimenti yake kule kule juu, mkoboe kidogokidogo kadiri unavyohitaji.

Nikuulize jambo: nani amekuwa akigeuza hiyo kahawa kwenye kichanja? Kwa mila yetu kahawa ilikuwa mali ya baba na migomba ya mama, lakini nimeona mikono iliyokimbilia turubai mawingu yakitanda, na mara nyingi haikuwa ya baba. Kama unataka kubadilisha jinsi kahawa inavyokaushwa, zungumza na aliye karibu na kichanja. Na ukigawa fedha ya pakiti, mkumbuke kwa kiasi, siyo kwa shukrani.

Tufike kwenye hesabu, kwani hapa ndoto nyingi za kahawa ya shamba moja zinapovunjika. Una kilo 60 za pachimenti. Ukikoboa unabaki na kama kilo 48. Ukikaanga zinapotea asilimia 15 hivi ya uzito, zinabaki kilo 40 na kidogo. Kwa gramu 18 kila mara, ni espreso mbili-mbili kama 2,200. Toa za kurekebishia mashine kila asubuhi, sema 2,000. Ukiuza 40 kwa siku, kahawa yenu inakwisha ndani ya siku 50. Kwa upande wa pili wa hesabu hiyo hiyo, ili kupata kilo 48 za kahawa safi, mikono ya nyumbani kwenu imechuma karibu kilo 290 za matunda. Kila kichujio unachojaza kina punje kama 130, yaani matunda 65 hivi, moja moja.

Kwa hiyo kahawa ya kihamba haiwezi kuwa kahawa yako ya kila siku ya mwaka mzima, na usijaribu kuilazimisha. Iuze kama embe dodo linavyouzwa: msimu ukifika ipo, ukiisha haipo, na mteja anasubiri. Bei yake iwe juu kuliko ya kahawa nyingine kaunta. Ndiyo nafasi ya robusta sasa. Wateja wengi wa Tabata watataka kahawa ya maziwa. Maziwa yanafunika chungwa lote ulilohangaikia, na yanahitaji kahawa yenye kifua. Kwa hiyo weka kahawa ya pili: arabika nzuri ya kawaida iliyochanganywa na robusta safi ya Kagera, asilimia 20 mpaka 30 kama alivyosema barista. Hapo yuko sahihi kabisa. Kihamba kiwe cha wanaokunywa kavu.

Na hao wa vijiko vitatu vya sukari usiwacheke. Sisi watu wa kahawa tuna kiburi kuhusu sukari, wakati pwani yetu ilishapata jibu zamani: kahawa chungu kikombeni, kashata pembeni. Utamu unakaa mkono wa pili, haumo ndani ya kikombe. Jaribu kuwapa kipande kimoja cha kashata ya nazi pamoja na espreso iliyokamuliwa vizuri, na uangalie wangapi wataendelea kuomba bakuli la sukari.

Kuhusu jina kwenye pakiti, nina furaha nalo kuliko unavyodhani. Kahawa ilipandwa Kilema na wamisionari mwaka 1898. Wakulima wa Kichaga walipoanza kuwa wengi waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ukazaliwa ushirika wao mkuu, KNCU (Kilimanjaro Native Co-operative Union). Nguvu ya ushirika ilikuwa kuchanganya: kahawa ya vihamba maelfu ikawa fungu moja kubwa ambalo mnunuzi hakuweza kulidharau. Ilisomesha watu, mimi mmoja wao. Gharama yake ni kwamba jina la kihamba liliishia kwenye mizani ya chama cha msingi. Ng'ambo likabaki jina la mlima tu, na Japani hata kahawa ya Mbinga, kule kusini mkoani Ruvuma, inauzwa kwa jina la Kilimanjaro. Kwa hiyo ukiandika kihamba chenu unarudisha kitu, lakini lazima kiwe kweli. Ukiongeza kilo tano za jirani, si shamba moja tena, andika kijiji. Ukiweka robusta, andika mchanganyiko. Usiandike AA kwa sababu inapendeza: AA ni ukubwa wa punje, zile zinazobaki juu ya chekeche la matundu ya karibu milimita 7, na nyinyi hamkuchekecha. Andika kijiji, mwinuko, msimu wa mavuno, kwamba imeoshwa, na tarehe ya kukaangwa. Kabla ya kuchapisha chochote pita Bodi ya Kahawa pale Moshi uulizie leseni na utaratibu wa kahawa isiyopitia chama, na Shirika la Viwango (TBS) kwa ajili ya bidhaa yenyewe. Vifungashio vilivyochapishwa kabla ya leseni nimeviona vikigeuzwa mifuko ya karanga.

Ukishapata kikombe kinachokuridhisha, kibebe nyumbani. Wazee wengi wa mlimani wamelima kahawa miaka 50 na wanakunywa chai ya rangi. Kama mashine haibebeki, bilauri, kijiko na dakika nne vinatosha. Mwonjeshe baba ile ya ndoo zilizochanganywa na ile ya ndoo moja, bila kumwambia ipi ni ipi. Halafu niandikie alichagua ipi.